Shangazi wa Tabu

Jumanne, tarehe 12 Machi 1974, saa nne kasoro robo asubuhi, Tabu binti Mwishehe aliingia chumba cha muuguzi katika zahanati moja ndogo pembeni mwa Temeke. Kabla ya saa sita alikuwa marehemu.

Muuguzi wa siku ile alikuwa Yustina, mtu wa Masasi, mcha Mungu, mwenye mwandiko mzuri. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kuandika kwenye cheti: unaumwa nini, tangu lini, umewahi kuugua nini, dawa gani inakudhuru. Chuoni alifundishwa amuulize mgonjwa mwenyewe kwanza. Lakini watu wa mtaa ule huja na mkubwa wao, na mkubwa akiwepo, mdogo hufunga mdomo. Ndiyo adabu. Yustina naye, foleni ikirefuka, alishazoea kumuuliza mkubwa tu.

Na siku ile foleni ilifika barabarani.

"Sista, leo sie tutalala hapa!" mama mmoja alipiga kelele dirishani.

"Lala, mama, ila shuka uje nalo," Yustina alimjibu. Watu wakacheka.

Tabu alikaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ana homa na jipu kubwa mguuni. Nyuma ya kiti chake alisimama mwanamke mtu mzima, amejitanda kaniki mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo," Yustina alisema.

Mwanamke hakuitikia. "Mie shangazi yake. Uliza."

Lilikuwa jambo dogo. Lakini mtu mzima wa pwani kuiacha shikamoo ianguke chini? Kisha Yustina akasikia harufu ya karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye sanda. Akadhani wametoka msibani.

"Homa ilianza..."

"Ijumaa."

"Amewahi kuugua..."

"Surua, utotoni. Malaria kila masika."

Cheti kilijaa upesi, na Yustina alishukuru. Lakini huku akiandika alianza kumshuku yule mwanamke, kwa kuwa hakumsikia akivuta pumzi hata mara moja, na kaniki yake haikutikisika ingawa upepo wa dirishani ulikuwa unapeperusha karatasi mezani, na kila alipotaka kuinua macho amtazame usoni, shingo yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyejitwika ndoo ya maji.

"Sindano ya penisilini..."

"Amechomwa mara nyingi. Haimdhuru."

Tabu alishika ukingo wa meza. "Mie..."

"Nyamaza, mwanangu," sauti ilisema taratibu. "Nesi ana watu wengi."

Midomo ya binti ilibaki wazi, inangoja. Yustina aliiona. Lakini kumruka mkubwa na kumuuliza mtoto mbele yake ni kumvunjia heshima, na nje walikuwa wanagonga mlango. Akaandika: haimdhuru.

Bwana Albano, mganga wa zahanati, alisoma cheti akaagiza sindano. Yustina aliichoma mwenyewe. Dakika tano hazikupita, uso wa Tabu ukavimba, koo likafunga. Walimchoma dawa nyingine, wakaita gari. Gari lilipofika, alikuwa ameshakata roho.

"Shangazi yake yuko wapi?" Bwana Albano aliuliza.

"Alikuwa hapa sasa hivi."

Mzee Hija, aliyekuwa akigawa namba mlangoni, alitikisa kichwa. "Huyu binti kaingia peke yake, sista. Nilikusikia unauliza, yeye kimya. Nikasema leo nesi anajiuliza na kujijibu."

Bwana Albano alimvuta Yustina pembeni. Akanong'ona, "Sema kweli. Ulijaza mwenyewe ili foleni isogee?"

Saa saba mama yake Tabu, Bi Somoe, alifika na kikapu kitupu. Tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya unga duka la ushirika, ndiyo maana hakumsindikiza binti yake.

"Ile sindano ilitaka kumuua ana miaka kumi!" alilia. "Mwenyewe anajua! Si mngemuuliza?"

Wakamtajia shangazi.

"Shangazi gani? Mwishehe hakuzaliwa na ndugu wa kike."

Siku ya hitima Yustina alikwenda. Bi Somoe alimpisha mkekani. Hakumtukana, na hilo lilimtisha Yustina kuliko matusi.

"Mwanangu alisemaje?" Bi Somoe aliuliza. "Maneno yake ya mwisho. Niambie hayo tu."

Yustina alifungua mdomo, na papo hapo harufu ya karafuu maiti ikajaa chumbani ingawa mtu alishazikwa, ikapita ubani na jasho la wanawake waliobanana pale, ikamshika kooni, na nyuma ya bega lake ile sauti ya taratibu ikamtangulia kama ilivyomtangulia siku ile, ikimpa jibu tayari, jibu zuri ambalo mama yeyote angelipokea na kulala nalo: Mwambie alikuita. Mwambie alisema haumwi tena.

Yustina aliishika rozari yake chini ya khanga.

"Sijui, mama," alisema. "Alisema 'mie', basi. Sikumwacha amalize. Sikumuuliza hata neno moja."

Nyuma yao mtu alisonya, kwa nguvu na kwa hasira. Wanawake wote waligeuka. Palikuwa na ukuta mtupu. Bi Somoe peke yake hakugeuka. Alikuwa ameushika mkono wa Yustina, analia.

Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu Tabu binti Mwishehe. Mpanulie kaburi lake, litie nuru. Na malaika watakapokuja kumuuliza, asisimame mtu nyuma yake. Wamwache ajibu kwa ulimi wake mwenyewe, na wamngoje mpaka amalize. Amina.