Shahamu Kwenye Gurudumu

Gurudumu la mbele, la kulia, lilianza kulia mara tu walipoiacha lami ya Kinyasini na kushika njia ya mawe ya Kiwengwa. Mwanzo lililia kwa sauti nyembamba, na Borafya akajifanya hasikii. Akakanyaga mafuta. Jua lilikuwa limeshapinduka, na dada yake alikuwa amelazwa chumbani kwake Kiwengwa, akingoja kuzikwa.

Time alikuwa amefariki alfajiri ile kwa homa. Mumewe, Simai, alimpandisha mtu baiskeli mpaka Mtoni na maneno machache: maiti atazikwa baada ya sala ya alasiri, kungoja zaidi ya hapo hawezi. Na nani wa kumlaumu? Maiti hawekwi. Bi Mwanakheir, mama yao, aliposikia hakupiga yowe. Alivaa buibui lake, akapanda pikapu ya mwanawe, akakaa mbele.

"Nnataka nimwone uso kabla hajatoka ndani," alisema. "Nimbusu. Basi, sitaki jengine."

Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Likishavuka kizingiti, mama aliyechelewa ana haki ya kukaa ukumbini na kulia na wenziwe, lakini uso wa mwanawe ndio kwaheri. Hilo Borafya alilijua, ndiyo maana hakutaka kulisikia gurudumu.

Halikumwonea huruma. Likalia, likaguguna, kisha kukapigwa kishindo chini ya miguu yake na usukani ukamponyoka. Pikapu ikainama upande, ikaburura pua juu ya mawe na kujitosa kichakani. Moshi ukapanda.

"Mama! U mzima?"

"Mzima. Tazama gari."

Borafya akatia jeki, akafungua nati huku vidole vikiungua. Hakuhitaji kutazama sana. Beringi ilikuwa imeiva nyeusi, imesagika na kung'ang'ania kwenye ekseli, na ekseli yenyewe imepinda. Ndani hamkuwa na hata alama ya mafuta. Yote yalikuwa yameyeyuka na kumwagika njiani.

Beringi ile aliitia kwa mkono wake mwenyewe juzi, uani kwao Mtoni. Aliitoa kwenye lori bovu lililotupwa, akaiosha kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa, akaigongea kwa kipande cha mti isije ikaumia. Kazi safi. Kilichokosekana ni grisi. Ulikuwa mwaka wa saba wa Mapinduzi, hata mchele ulikuwa wa foleni, seuze grisi. Alizunguka mji mzima akarudi mikono mitupu. Hapo mama yake akaingia stoo, akatoka na kopo la shahamu, mafuta ya mnyama ya kupakia vyombo, lile lililobaki tangu enzi za marehemu baba yao, nahodha wa Tumbatu.

"Babako alikipaka chombo kizima kwa hii, kikaenda Mombasa na kurudi," alimwambia. "Gurudumu ndio kitu gani?"

Wakacheka wote wawili. Borafya akaichota kwa kidole, akaijaza beringi mpaka ikafura. Watu wa bahari hao! Chombo chao kinakaa ndani ya maji baridi usiku na mchana, shahamu haina pa kuyeyukia. Katika nyumba ile hakuna aliyewaza kwamba gurudumu lina moto wake.

"Nini kimeharibika?" Bi Mwanakheir aliuliza, amesimama nyuma yake.

"Beringi, mama. Walonipa wamenidanganya, ilikuwa mbovu."

"Inatengenezeka?"

"Haitengenezeki."

Mama yake akaitazama njia huku na huku. Mchana wa Ramadhani, jua kali, nani apite? "Maji yapo?"

Hayakuwapo. Nani achukue maji safarini naye amefunga?

Njia ya gari ilizunguka mbali. Borafya alikumbuka ujia wa wakata kuni uliokata moja kwa moja mwituni, aliwahi kuupita mara moja na Simai. Kwa ujia ule wangewahi. Kwa njia kubwa, hata wakikimbia wasingewahi. Akamwambia mama yake hivyo hivyo bila kuficha.

"Basi twende," alisema Bi Mwanakheir, akalikunja buibui mpaka magotini.

Msitu wa upande ule si msitu wa kivuli. Ni vichaka vya miiba vilivyoota juu ya jiwe tupu, na jiwe lenyewe lina meno. Kila hatua ilibidi uchague pa kukanyaga, na ukiangalia mguu, miiba inakuvuta nguo. Upepo haukuingia mle. Joto lilipanda kutoka kwenye mawe na kuwapiga usoni. Punde tu ulimi wa Borafya ukaganda kwenye kaakaa, na ujia ukagawanyika mara mbili, kisha mara tatu, kisha haukuwapo tena.

"Tumepotea," alisema.

"Bahari iko upande gani?"

"Mashariki. Tuliache jua mgongoni."

"Haya, liache mgongoni. Usisimame, mwanangu, ukisimama na mimi ntasimama, na nikisimama siondoki tena."

Wakaendelea. Kubadhi la Borafya lilikatika ukanda, akatembea na moja. Jiwe likampasua unyayo. Mama yake akachana pindo la kanga yake, akamfunga kwa nguvu, wala hakumpa pole. Mbele kidogo, kwenye mteremko, ikawa zamu yake. Aliteleza akadaka jiwe kwa viganja vyote viwili, na jiwe likamchana kama anavyochanwa samaki. Damu ilimtiririka mpaka vifundoni mwa mikono. Borafya akaifunga ile mikono kwa vipande vilivyobaki vya kanga, na damu ikapenya papo hapo.

Hapo akashindwa. Akakaa kitako, mwanamume mzima, akalia.

"Wallahi, mama, kosa langu. Ningalilala kwa fundi nikangojea grisi..."

"Wacha," alisema mama yake. "Unanificha nini mie? Nimeolewa na harufu hiyo tangu kigori. Nimeikoroga shahamu jikoni miaka mingapi! Gari liliposimama tu nimeijua. Kopo ni langu, maneno ni yangu. Mchuma janga hula na wa kwao, ndio haya tunayakula."

"Usiseme hivyo."

"Nsemeje? Inuka. Ukikaa hapa kulia, Time anazikwa na watu baki."

Akainuka. Chini ya mteremko kulikuwa na pango, na ndani yake, gizani, maji ya mvua yametuama. Borafya aliyatazama kwa uchu.

"Kunywa," mama yake akamwambia. "Msafiri ana ruhusa, tena damu imekutoka."

"Na wewe?"

"Mie sitaki. Nimeshapoteza vingi leo, swaumu yangu niachie."

Akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya popo na udongo, na yalimrudishia macho. Akasimama nje ya pango, akajaribu kujua mashariki ni wapi, maana jua lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu. Ndipo wakaisikia adhana. Ilikuja ndogo, ikikatika na upepo, mbele yao kidogo kulia.

Ni Kiwengwa ile. Sasa walijua pa kwenda. Na ilikuwa adhana ya alasiri, kwa hiyo walijua pia kwamba wamechelewa. Bi Mwanakheir alitoa sauti moja kutoka kifuani, kisha akaingia miibani mbele ya mwanawe, bila kuchagua pa kukanyaga.

Walipotokeza, hawakutokeza kijijini. Walitokeza ukingo wa mwitu, penye makaburi, na shimo jipya lilikuwa limeshachimbwa. Jeneza lilikuwa linakuja mabegani mwa watu, nao wanataja La ilaha illa Llah.

Bi Mwanakheir akarudi nyuma ya kichaka. "Nenda wewe," alisema. "Mie nisionekane hapa."

Borafya alikwenda akichechemea. Watu walimwona wakapunguza mwendo: nguo zimechanika, mguu unatoka damu. Akamsimamisha Mwalim Masoud, imamu wao, aliyekuwa mbele.

"Mama yangu yuko pale kichakani. Kaja kwa miguu, amekata msitu. Mwacheni amwone."

"Keshasaliwa, mwanangu," Mwalim Masoud alisema taratibu. "Sanda imefungwa. Na hapa si pahala pa wanawake."

Simai alikuwa amebeba mguu wa jeneza, macho yamevimba. Aliinama tu, na kwa kuwa yeye ameinama, wenziwe watatu ikabidi wainame, na jeneza likakaa chini. Kisha akageuka, akatazama baharini. Mmoja baada ya mmoja wale wanaume wakamgeuzia mgongo yule maiti, hata Mwalim Masoud, mpaka pale mahali hapakubaki macho ya mtu ila ya Borafya, ndugu yake.

"Mama, njoo."

Alikuja upesi. Akapiga magoti na kunyoosha mikono. Akaiona. Kanga ilikuwa nyekundu pyu, na damu mbichi ilikuwa inadondoka. Maiti wake ameoshwa, ametoharishwa, sanda nyeupe pepe. Akairudisha mikono nyuma ya mgongo wake, akaikamata huko.

"Nifungulie wewe," alisema.

Borafya akafuta vidole vyake kwa mchanga, akafungua kifundo cha kichwani, akaifunua sanda. Time alikuwa na uso wa mtu aliyelala usingizi wa mchana. Mama yake akainama, akainama zaidi, na machozi yakamjaa. Akakumbuka kuwa machozi nayo hayamwangukii maiti. Akasita pale pale, mdomo wake ungali mbali na paji la uso wa mwanawe, akatazama. Alitazama mpaka Mwalim Masoud akakohoa kidogo.

"Mfunge," alisema Bi Mwanakheir. "Mfunge vizuri."

Akaondoka peke yake kuelekea nyumbani, waliko wanawake, mikono ingali nyuma, wala hakugeuka. Borafya alishuka kaburini na Simai, wakampokea.

Magharibi ilipoingia, wanawake walimletea Bi Mwanakheir maji ya kufuturu katika kata. Hakuweza kuishika. Shemsa, wifi wa marehemu, akamshikia, akamnyanyulia mdomoni, akambembeleza anywe. Ndipo akaanza kulia kwa sauti.

"Sikumbusu," alisema. "Nimefika, na sikumbusu."