Siku Darasa Lilipojifanya Haliujui Mpunga

Kila asubuhi Dativa alichota maji, akafagia uwanja wa bibi yake, kisha akaenda shule hapo hapo Mkula. Mwaka ule wa 1996 alikuwa akienda mbio, kwa sababu mwalimu wa darasa la tano alikuwa mama yake mzazi.

Mama huyo, Mwalimu Digna, alikuwa amefundisha miaka mingi bila leseni. Sasa alisoma Dar es Salaam, katika mpango wa chuo kikuu wa kuwapatia leseni walimu kama yeye. Kijijini alikuja kwa mazoezi ya kufundisha tu. Yakiisha angepanda treni tena, na Dativa angerudi kulala kwenye kitanda chenye nafasi tupu ya mama. Upweke huo alishauonja, na hakuutaka tena.

Basi aliposikia kwamba mkaguzi wa chuo anakuja kumpima mama, akili yake ikachemka. Mama akishindwa, si atarudi nyumbani moja kwa moja? Dativa alikuwa kiranja. Akawaambia wenzake, "Kesho mkiulizwa, mtu asijibu. Nitawaletea pepeta." Nani akatae pepeta, mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa ukiwa bado mbichi? Darasa zima likakubali.

Kesho yake mkaguzi, Mzee Kassian, akaketi nyuma ya darasa. Mama akainua shuke la mpunga. "Huu ni mpunga gani?"

Kimya. Akainua shuke jingine. Kimya tena. Watoto wa Kilombero, waliokulia majarubani, wakautazama mpunga kama wageni. Ndaki, mtoto wa mfugaji, ambaye hata ng'ombe wa baba yake waliujua mpunga ule, akaangalia dari.

Mama akayashusha mashuke, akawatazama watoto kana kwamba kosa ni lake. Dativa alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa kumwona mama hivyo. Moyo ukamuuma, akasimama.

"Shikamoo, mwalimu," akamwambia mkaguzi. "Wote wanajua. Ule wa kwanza ni shingo ya mwali, huu ni kula na bwana. Mimi ndiye niliyewakataza kujibu. Nilitaka mama ashindwe, abaki nyumbani."

Mzee Kassian akavua miwani. "Nani kakwambia akishindwa anabaki? Akishindwa anarudia mwaka mzima huko huko Dar es Salaam." Akamgeukia mama. "Mwalimu, endelea na somo."

Safari hii mikono ilipanda hata kabla ya swali kuisha.

Jioni Dativa alingoja fimbo. Badala yake mama alimwita wapembue mchele pamoja.

"Nimefaulu," mama alisema. "Jumamosi naondoka."

Dativa akalia. Mama akauweka ungo chini, akamvuta karibu.

"Hata mimi nakukumbuka, mwanangu, mpaka chakula hakishuki. Lakini ukinikumbuka, niambie. Usinifanyie hila. Hila yako ya leo ingenikalisha mbali nawe mwaka mwingine. Umesema kweli mbele ya watu, na ndiyo maana sitarudia mwaka, nitarudi mapema."