Vikombe Vitano vya Awasi

Gari liliinama upande wa kushoto kabla hata halijaondoka Dunga, na wa kwanza kuliona alikuwa Mama Nasipwondi, ambaye maisha yake yote hakuwa amepanda gari dogo zaidi ya mara tatu.

"Laban," alimwambia mwanawe, "mbona gari lako linachechemea na bado limesimama?"

Mwalimu Laban akacheka. Huyo Laban, wacha niwaambie, alikuwa mwalimu wa jiografia wa shule ya msingi, na ugonjwa wake ulikuwa mdomo. Hangepita kilima bila kukitaja jina, urefu na mazao yanayolimwa pale, uwe umeuliza au hujauliza. Likizo ya Agosti mwaka wa 1988 alikuwa amenunua Pijo 504 ya mkono wa pili, rangi ya maziwa, na mama yake alikuwa ametoka Kimilili kuja kukaa nao Migosi mpaka mkewe Metrine ajifungue. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu waliitunza kwa woga, hata redio ya nyumbani ilikuwa inawashwa kwa sauti ya chini. Kwenye ploti waliyopanga kila mwanamume alikuwa baba wa fulani. Kulikuwa na Baba Dorca, kulikuwa na Baba Milka, na yeye bado alikuwa Mwalimu tu. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa hakusema.

"Kabla mtoto hajaja, Mama, utaona ziwa na utaona milima ya Nandi, yote kwa siku moja," alikuwa ameahidi. Ndiyo maana asubuhi hiyo walikuwa Dunga, wakala ngege wa kukaanga na ugali, wakatazama boti zikishusha dagaa wa omena. Wakati wa kuondoka, Laban alifungua milango yote minne ili joto litoke. Akasimama pale kando ya maji akapiga makofi, vile anavyowaita watoto wa darasa la tano.

"Haya, wageni wangu! Ingieni, ingieni wote, tunaenda! Asibaki mtu!"

Metrine akakaa mbele kwa sababu ya tumbo. Mama Nasipwondi akakaa nyuma, upande wa kulia. Kiti cha kushoto kilibaki na kikapu cha samaki peke yake, na hapo ndipo gari lilipoinama.

"Ni springi, Mama," Laban alisema. "Gari la mkono wa pili lina mambo yake."

Wakashika barabara ya Kericho, na mdomo ukaanza kazi. "Hapa ni Nyamasaria. Hapa sasa tumefika Ahero, tunavuka mto Nyando, angalieni mpunga ule. Mbele kidogo ni Awasi." Metrine alikuwa anasinzia. Mama Nasipwondi hakuangalia mpunga. Alikuwa anasikia maji yakidondoka mahali, tone, halafu tone, na kulikuwa na harufu ambayo haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa, tope ambalo halijawahi kuona jua. Alisogeza kikapu akashika kiti. Kilikuwa kimelowa, na kilikuwa baridi.

"Haya, wageni wangu, tumefika Awasi," Laban akasema, akizima gari mbele ya hoteli ndogo ya mabati. "Shukeni tunywe chai."

Waliketi. Mwenye hoteli, mama mmoja anaitwa Agneta, akaja akiwa na aproni. Laban akaagiza chai tano na maandazi.

"Wengine wanakuja?" Agneta akauliza.

"Wengine gani?"

"Nyinyi ni watatu. Umesema tano."

Laban akahesabu kwa kidole, yeye, mke, mama. Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Basi lete tu. Nitakunywa mimi." Hakuvinywa. Waliendelea kuongea, vikombe vyao vitatu vikitoa mvuke, na viwili vya pembeni vilikuwa vimepoa kabisa kabla hata sukari haijazungushwa mezani. Mama Nasipwondi aligusa kimoja kwa kidole akautoa mkono haraka.

Kuondoka sasa. Pijo lilienda mita hamsini hivi, mpaka pale njia ya murram inapoingia kushoto, likazima. Laban alijaribu ufunguo mara kumi. Akafungua boneti, akaangalia betri, akaangalia plagi, akapiga kitu kwa spana. Wapi.

"Laban, baba," mama yake akasema kwa sauti ndogo, "njoo hapa dirishani. Unajua sisi tukimtoa mtu mochari kumpeleka kwao, mtu anakaa mbele anamwambia njia. Hapa tumefika daraja, hapa tumefika soko fulani. Asipoambiwa, anabaki njiani. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama. Na ni nini sasa?"

"Wewe tangu asubuhi unafanya hiyo kazi. Ulifungua milango kando ya ziwa ukasema asibaki mtu. Kuna mtu alisikia, na hapa ni kwao. Mwambie amefika ashuke."

"Mama!" Laban akaangalia huku na huku asije akasikiwa na watu. "Mimi nimeokoka. Siwezi kuongea na kiti."

"Mwambie tu kwa heshima. Maneno mawili."

"Hapana. Tutasukuma."

Akaita wanaume waliokuwa pale sokoni, wakasukuma, na gari likawaka. Lilipowaka, kioo cha nyuma cha kushoto kiligongwa kutoka ndani mara tatu, polepole, jinsi abiria anavyomgongea kondakta anapopitishwa stegi yake. Wote watatu walisikia. Laban akaongeza mafuta.

Na hapo ndipo nasema mtu msomi anaweza kuwa mjinga wa kupimwa kwa debe. Walikuwa wamempitisha mtu nyumbani kwao!

Walipita mashamba ya miwa ya Chemelil, wakaanza kupanda milima ya Nandi, na kadiri barabara ilivyozidi kujikunja ndivyo baridi ilivyozidi humo ndani ingawa nje jua lilikuwa linawaka, na vioo vikafunga ukungu, na yale maji yaliyokuwa yanadondoka yakawa sasa yanatiririka chini ya viti mpaka viatu vya Metrine vikalowa, na Laban alipotazama kioo cha kuonea nyuma hakuona mtu isipokuwa mama yake, amejibana kabisa kwenye mlango wa kulia, amekunja miguu, jinsi mtu anavyojibana akiwa amebanwa kitini na watu wawili wanene, midomo yake ikicheza kwa maombi, na wakati huohuo Metrine akahisi kitu kama mkono uliokaa majini siku nyingi ukipita kando ya kiti chake kutoka nyuma, ukashuka, ukatulia juu ya tumbo lake, ukakaa.

"Laban," alinong'ona. "Mtoto ameacha kucheza."

Walikuwa wamefika juu. Chini kulikuwa na bonde lote la Kano, na mbali kabisa ziwa liking'aa, ile picha yenyewe aliyomwahidi mama yake, na hakuna aliyeiangalia. Laban alishika tumbo la mkewe. Lilikuwa baridi na limetulia. Akaanza kulia waziwazi, mwanamume mzima, mikono juu ya usukani.

"Mama, nifanye nini?"

"Rudi Awasi. Na ufunge huo mdomo."

Akarudi. Kilomita zote hizo hakutaja hata mti.

Agneta hakushangaa alipoulizwa. "Mtu wa hapa aliyezama ziwani? Ni Obiero, wa mama Seline. Mwaka jana, huko Dunga. Mwili haukupatikana. Boma lao ni hapo pale gari yenu ilizima."

Seline alikuwa mama mrefu, amefunga kitambaa cheusi. Wakamweleza mlangoni, kwa kunong'ona, Laban akiangalia chini kama mtoto aliyevunja sahani. Seline aliwaonyesha kaburi kando ya ua. "Hapa tulizika yago," alisema. Lile tunda refu la yago ndilo Wajaluo wanalolizika mahali pa mtu mwenye amepotea majini. "Lakini lazima watu waende kwanza kwa maji, wamuite. Ndugu zake waliogopa. Mimi miguu ni mgonjwa. Nimeambia Mungu kila siku, ataletwa na nani?"

Akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto, akanyoosha mkono ndani ya ile harufu bila hata kukunja uso.

"Obiero, wuoda," aliita, kwa sauti ya kumwamsha mtoto aende shule. "Bi. Bi, wadhi dala." Njoo mwanangu, twende nyumbani.

Springi zililia. Gari likainuka. Kwenye vumbi la boma zikatokea nyayo zilizolowa, moja, halafu nyingine, zikapita mbele ya Seline mpaka kwenye kaburi la yago, zikaishia hapo. Seline akaketi chini akalia kwa furaha, na kwa uchungu, vyote pamoja. Na ndani ya gari Metrine akapiga ukelele, akicheka, machozi yakimtoka. "Ameruka! Mtoto ameruka!"

Laban alikumbatia kila mtu. Seline akamshika mkono. "Mwalimu, sasa enda. Kwa njia usitaje mahali. Usiambie mtu aingie, usiambie mtu ashuke, mpaka ulale."

Mama Nasipwondi ndiye aliyelizunguka gari kabla ya kupanda. "Laban, halijainuka lote."

"Ni springi, Mama. Hiyo nayo ni springi kweli."

Wakafika Migosi jua likizama. Njia nzima Laban alikuwa ameuma mdomo, mpaka wakapita Nyamasaria, mpaka wakaacha lami, mpaka geti la ploti likafunguliwa, na watoto wa majirani wakalikimbilia gari, na harufu ya maandazi ya Mama Dorca ikaingia dirishani. Akazima gari. Akashusha pumzi ya siku nzima. Akamgeukia mkewe, akiwa na furaha isiyo na kipimo, na mdomo ukafanya kazi yake.

"Haya, wageni wangu, tumefika nyumbani. Shukeni."

"Laban!" mama yake akapiga kelele.

Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka polepole. Ukafungwa polepole. Na Pijo likasimama sawasawa, pande zote mbili, kama siku lilipotoka kiwandani.

Mtoto alizaliwa baada ya wiki tatu, mvulana, mzima, kilo tatu na nusu. Alianza kulia siku hiyohiyo na hakuacha. Kwao Wabukusu mtoto akilia hivyo anatajiwa majina ya waliotangulia, na akinyamaza kwa jina, jina ni lake. Mama Nasipwondi alitaja ya babu, akataja ya wajomba, akataja mpaka ya wale walioenda vita vya Wazungu wasirudi. Siku ya nne mtoto sauti ilikuwa imekauka na hanyonyi, na Metrine hakuwa na nguvu ya kulia tena. Mama Nasipwondi akavaa viatu, akaenda Awasi kwa basi, akamkuta Seline anapalilia.

"Mama Obiero," alisema, "siku ile mwanangu aliagiza vikombe vitano."

Seline akaweka jembe chini. "Boti iliyozama ilikuwa na watu wawili," akasema. "Huyo mwingine alikuwa mtu wa kwenu huko, Mbukusu. Alikuwa hana mtu. Hakuna mwenye alikuja kumuuliza."

"Aliitwa nani?"

Jioni Mama Nasipwondi alirudi, hata hakuvua viatu. Aliinama juu ya kitanda na kulisema lile jina mara moja, akiomba Mungu mtoto aendelee kulia.

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, akashika ziwa la mama yake, akanyonya kwa nguvu ya mtu aliyekaa na njaa mwaka mzima. Metrine akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia lile jina lilitoka wapi.

Pijo liliuzwa Desemba. Na pale kwenye ploti Laban hakuwa tena Mwalimu tu. "Baba Wakhisi!" majirani wanamwita asubuhi, "Baba Wakhisi, habari ya mtoto?" Naye kila akiitwa anajibu mzuri, na anageuka kwanza kuangalia nyuma yake.