Shoka Upande wa Pili wa Mti

Dada yangu Regina alinituma nikamwite mumewe. Jua lilikuwa linazama, ugali umeiva, na shoka la Severini lilikuwa bado linasikika huko juu.

Ulikuwa mwaka ule Wadachi walipoweka mawe ya mpaka milimani kwetu, juu ya Kinole. Ukivuka mawe kwenda juu, marufuku kulima, marufuku kukata mti. Shamba la shemeji yangu likaangukia huko. Alifukuzwa mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Lakini msitu mdogo wa ukoo wetu, penye chemchemi na makaburi ya wazee, ulibaki upande wa chini. Mjomba Mwinjuma alimkataza asiuguse.

"Mdachi hakuweka jiwe hapa," Severini alimjibu. "Au wanangu wale nini, mjomba?"

Nikapanda. Ko... ko... ko... Nilipoingia chini ya miti, baridi ilinipanda miguuni. Palinuka utomvu mbichi, na kitu kingine... kama kaburi lililochimbwa leo.

Nilimkuta amekaa chini, ameegemea mkangazi mkubwa. Mikono mitupu. Jasho linamtiririka.

Na shoka lilikuwa linaendelea kukata.

Upande wa pili wa mti.

"Shemeji," nilinong'ona, "nani anakata?"

"Usizunguke." Midomo ilikuwa imemkauka. "Mimi niliacha tangu adhuhuri. Nikazunguka kuangalia..."

"Ukamwona nani?"

"Mimi."

Shoka likanyamaza.

Nilimshika mkono, tukakimbia. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nyuma yetu sikusikia hatua. Nilisikia majani tu yakipishana, mbali kidogo, upande wa kushoto, kama ya mtu anayejua njia ya mkato.

Tulifika uani giza limeshaingia. Regina alitoka na taa, akasimama mlangoni.

"Kaka, uko na nani? Mume wangu ameshafika. Anakula."

Ndani, mtu akakohoa.

"Nani huyo, mama Dadi?" Sauti ya Severini.

Mkono niliokuwa nimeushika ukanibana. "Alois... ni mimi. Usiniache nje."

Nikauachia.

Woga tu. Niliruka ndani, nikamsukuma dada yangu, nikafunga mlango. Aligonga mara tatu, polepole. Halafu hakugonga tena.

Asubuhi nilikwenda msituni na mjomba. Mkangazi ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Mjomba aliupapasa gome lake pande zote, mara mbili.

"Mizimu haikuua mtu," alisema mwishowe. "Imebaki na mmoja wa kuulinda msitu. Sisi imetupa mwingine."

"Yupi ndiye yupi, mjomba?"

Aligeuka, akaanza kushuka.

Aliyebaki nyumbani aliishi na dada yangu miaka tisa. Alikuwa mpole. Alilima bondeni, na hakukata tena hata tawi la kuni. Chemchemi haikukauka. Watoto walimpenda, isipokuwa Dadi, mkubwa wao, ambaye hakukubali kabisa kushikwa naye.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "mbona mikono ya baba ni ya baridi?"

Nilimwambia ni kwa sababu ya maji ya bondeni.