Gonga Ubao Kwanza

Huko Myanga, mbali na ziwa, watu wamezoea kuona mengi uani kwa jirani. Wanaona ng'ombe, magunia ya mahindi, hata pikipiki iliyokufa. Boti hawajazoea. Basi boti ya Wekoye ilipowekwa kando ya ghala lake la mahindi, kila mpita njia alisimama kidogo.

"Wekoye, ati gharika inakuja?" waliuliza. "Sisi si utatubeba?"

"Nitabeba ng'ombe zenu," Wekoye alijibu. "Nyinyi mtaogelea."

Kabura, mke wa Wekoye, alikuwa akianika mahindi hapo uani. Aliwasikia wakicheka, naye akacheka kidogo. Moyoni hakuwa na kicheko. Boti hiyo ilimtia hofu ikiwa ziwani, na sasa ilimtia hofu hata nchi kavu.

Boti yenyewe iliitwa Neema. Ilikuwa ya mbao, na ilikuwa kuukuu. Wekoye aliivulia samaki Ziwa Victoria, upande wa Port Victoria, kisha akawaleta Myanga. Kabura aliwakaanga na kuwauza sokoni. Maisha yao yote yalitegemea boti hiyo.

Injini ya zamani ilikuwa imechoka kabisa. Kila mara ilizimika katikati ya maji. Wekoye alinunua injini nyingine, mpya na yenye nguvu zaidi. Akaileta Neema nyumbani kwa lori ili aitengeneze vizuri. Aliipaka rangi ya buluu, ikang'aa kama sufuria mpya.

Kilichobaki kilikuwa breketi. Injini ya Neema haikukaa kwenye boti moja kwa moja. Ilikaa juu ya breketi, yaani chuma kinachofungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti ili kishike injini. Breketi ya zamani ilikuwa nyembamba, tena ilikuwa imeshika kutu.

"Hiyo niachie mimi," alisema Kibe.

Kibe alikuwa kaka yake Kabura. Alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma mjini Kitale. Alitengeneza trela za kubeba mahindi na mashine za kupukuchua. Wakulima wa eneo la Kwanza, karibu na Kitale, walimsifu sana, kwa sababu chuma cha Kibe hakikupinda. Kibe aliamini jambo moja tu kuhusu chuma: kizito ndicho kizuri.

Jumamosi alifika Myanga na breketi aliyoiunda mwenyewe. Wekoye alijaribu kuiinua kwa mkono mmoja, akashindwa.

"Shemeji, hii ni breketi ama ni nanga?" aliuliza.

"Hiyo inaweza kuvuta trela imejaa mahindi," Kibe alisema kwa fahari. "Injini yako itakaa hapo mpaka binti yako Nanjala aolewe."

Walianza kutoboa ubao wa nyuma. Kabura alisimama karibu akitazama. Mashine ilipoingia ndani, unga wa mbao ulianza kutoka. Mwanzoni ulikuwa mweupe. Baadaye ukatoka mweusi, tena ulikuwa na unyevu. Kabura aliuokota na kuubana kwa vidole. Ulishikamana kama ugali mbichi.

"Kibe, mbona mbao inatoka hivi?" aliuliza.

"Ni rangi ya zamani hiyo."

"Rangi iingie mpaka ndani?"

"Kabura, wewe tangu utoto unaogopa hata maji ya karai," Kibe alisema. "Wacha wanaume wafanye kazi, bana."

Kabura alirudi kwenye mahindi aliyoyaanika. Kibe alikuwa kaka yake mkubwa, na alikuwa ametoka mbali kuja kuwasaidia bila malipo. Atamwambiaje kwamba kazi yake ina kasoro? Lakini alikumbuka msiba wa msimu wa mvua uliopita. Kule ziwani, injini ya boti moja iling'oka pamoja na kipande cha ubao. Maji yaliingia kwa nyuma, boti ikazama. Wengine waliokolewa. Mmoja hakurudi, na Kabura alienda kumpikia mjane wake chakula cha matanga. Mjane yule hakulia. Alikaa tu akitazama mlango.

Kabura hakutaka kuwa mtu wa kutazama mlango.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katika boma hilo, kitu kipya hakitumiki kabla ya kuombewa, kiwe nyumba, pikipiki au ng'ombe wa maziwa. Wekoye alikuwa amemwalika Mchungaji Matthew na washirika wa kanisa waje kuiombea injini. Kuku walikuwa wamechinjwa. Chapati zilikuwa zimepikwa. Lori la kuirudisha boti ziwani lingekuja Jumatatu.

Watu walikuja baada ya ibada, wakaizunguka Neema. Injini mpya ilikuwa imeshafungwa. Iling'ara nyuma ya boti, na Wekoye alisimama kando yake kama bwana harusi.

Miongoni mwa wageni alikuwapo Jepkosgei. Alikuwa ameolewa katika boma la jirani. Alizaliwa huko juu Mlima Elgon, lakini kazi yake ilikuwa ufundi wa injini za boti kule Port Victoria. Watu walipenda kumtania.

"Mtu wa mlima anajua nini juu ya maji?" Wekoye alimwambia. "Haya, fundi, sifu injini yangu."

"Injini ni nzuri," alisema Jepkosgei. Aliinama, akatazama chini ya breketi. Kisha akapanda ndani ya boti, akatazama upande wa pili wa ubao. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Kabura alisogea karibu.

"Baba Nanjala," Jepkosgei aliita, "ile injini ya zamani nani alikuwa anaibeba kutoka majini?"

"Mimi peke yangu. Naweka tu begani."

"Na hii mpya mlibeba wangapi?"

"Mimi na Kibe. Na tulipumzika njiani."

"Sasa breketi nayo?"

Wekoye alimtazama Kibe.

"Breketi iko sawa," Kibe alisema. "Hiyo inavuta trela."

"Sijasema chuma ni kibaya," Jepkosgei alisema polepole. "Lakini trela inakanyaga chini. Boti haikanyagi kitu. Kila uzito unaoweka nyuma, unavuta nyuma iingie majini. Wimbi likija, linapanda ndani. Halafu injini haikai tu. Inasukuma. Inatetemeka siku nzima. Sasa hiyo nguvu yote inashikwa na nini? Si chuma. Inashikwa na huu ubao."

Mchungaji Matthew alikuwa ameshafungua Biblia, na hakujua kama aifunge. Wekoye alianza kukunja uso.

"Dada, leo ni siku ya maombi," alisema. "Wageni wamefika. Mambo ya ubao si tutaangalia huko ziwani?"

Kabura alijua kwamba hapo ndipo pa kusema au kunyamaza. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Akisema, atamwaibisha kaka yake na mume wake mbele ya kanisa zima. Alikaza leso kiunoni.

"Ubao umeoza," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Jana walipotoboa niliona. Unga ulitoka mweusi, na una maji. Niliuliza, nikaambiwa ni rangi. Usiku mzima sijalala. Baba Nanjala, mimi sitaki kuombea hiyo kitu hivyo ilivyo. Naogopa."

Kibe alimkazia macho dada yake. "Kabura, unaniambia hivyo mbele ya watu?"

"Nakuambia kwa sababu ni mume wangu atakuwa kwa maji," Kabura alisema.

Jepkosgei alitoa bisibisi mfukoni, akampa Kabura. "Mama Nanjala, unajua kupima nguzo ya ghala kama imeliwa na mchwa?"

"Nani hajui? Unagonga."

"Basi gonga."

Kabura alishika bisibisi kwa upande wa chuma. Aligonga kwa mpini pembeni mwa boti. Ko, ko. Sauti ilikuwa kavu na ngumu. Akasogea nyuma, akagonga karibu na breketi. Bu. Akarudia. Bu, bu. Ilikuwa sauti ya nguzo iliyoliwa, ambayo nje ni nguzo na ndani ni unga. Kila mkulima pale aliifahamu.

Jepkosgei aliichukua bisibisi, akasukuma ncha yake kwenye tundu moja la zamani. Ilizama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, ilitoka na maji.

"Maji yameingia kwa matundu ya breketi ya zamani," alieleza. "Miaka mingi yanaingia pole pole. Rangi imefunika tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Wekoye aliweka kiganja juu ya ile rangi yake nzuri ya buluu, na uso wake ukabadilika. Alikuwa anafikiria mawimbi.

Mchungaji Matthew alifunga Biblia taratibu. "Ndugu zangu," alisema, "hatuwezi kumwomba Mungu alinde kitu ambacho tumeona kimeoza, na mikono ya kukitengeneza tunayo. Tutaomba kikiwa tayari. Kwa sasa tuombee chakula."

Kwa hiyo waliombea kuku. Kibe hakula. Alikaa peke yake nyuma ya ghala. Kabura alimpelekea sahani, akaketi karibu naye.

"Umenichoma," Kibe alisema.

"Najua. Lakini ungekuja kwa matanga ya shemeji yako, ungejisikiaje?"

Kibe alichukua chapati.

Jumatatu lori lilikuja, likarudi tupu. Kazi ilianza upya. Jepkosgei alikuja jioni baada ya kazi zake, akawaelekeza. Kwanza walikata sehemu yote iliyooza, mpaka wakafika kwenye mbao kavu yenye sauti ya ko, ko. Waliweka ubao mpya mgumu uliokauka vizuri.

"Breketi mtanunua ya kiwandani," alisema Jepkosgei. "Iwe imetengenezwa kwa ajili ya boti. Ina kibandiko kinachosema inabeba uzito gani na injini ya nguvu gani. Linganisha na injini yako. Kama breketi ni ya injini ndogo, wacha."

"Basi mimi sina kazi," Kibe alisema.

"Uko na kazi kubwa kabisa. Nataka bamba la kukaa ndani ya boti, nyuma ya ubao. Bolti zikipita kwa breketi, kwa ubao, halafu kwa bamba, nguvu inasambaa. Bila bamba, nati zinakula ubao. Lakini lisiwe zito. Tumia alumini, na kona zote zisuguliwe."

Kibe alirudi Kitale, na bamba alilolileta lilikuwa jepesi na laini. Alilipima mara nyingi kuliko trela yoyote. Walipaka gundi ya kuzuia maji ndani ya kila tundu. Walitumia bolti zisizoshika kutu, na nati zenye plastiki ndani ili zisilegee kwa mtetemo.

Kisha Jepkosgei aliwaonyesha bapa la chuma la injini, lililo juu ya propela inayozunguka na kusukuma maji. "Hili bapa likae chini kidogo ya kitako cha boti," alisema. "Likiwa juu sana, propela inapiga hewa na injini inalia bure. Likiwa chini sana, linakokota maji na unamaliza mafuta." Mwishowe walifunga mnyororo kutoka kwenye injini hadi kwenye boti. Injini ikilegea, isipotelee majini.

Mchungaji aliomba ufuoni, siku Neema iliporudishwa ziwani. Safari hii Kabura aliitikia amina kwa sauti.

Lakini hofu haiondoki kwa amina moja. Wekoye na mvuvi mwenzake walivaa jaketi za kuelea, wakaondoka. Jepkosgei alikuwa amewaonya waende karibu na ufuo, warudi, kisha bolti zikazwe tena. Kabura alibaki mchangani. Mara upepo ukaanza. Maji yakawa meusi, mawimbi yakainuka. Boti nyingine zilianza kurudi, lakini Neema haikuonekana. Kabura alijifunika mdomo kwa kanga yake. Alimkumbuka yule mjane na mlango wake.

Kisha akaona buluu. Neema ilipanda wimbi, ikashuka, ikapanda tena. Injini iliunguruma bila kukatika. Nyuma ya boti haikuzama.

Boti ilipofika, Kabura aliingia majini mpaka magotini. Hakumtazama mumewe. Aliinama ndani ya boti, akapitisha kiganja juu ya bamba la Kibe, kila mahali penye bolti. Kiganja kilitoka kikavu. Hapo machozi yakamtoka.

"Mama Nanjala," Wekoye alisema, "mimi niko hapa, na wewe unasalimia ubao?"

"Ubao kwanza," alijibu akijifuta uso. "Wewe nitakusalimia nyumbani."

Wavuvi waliokuwa karibu walicheka. Mmoja wao, Kipketer, alicheka kuliko wote. Boti yake ilikuwa kuukuu, na nyuma yake ilining'inia injini mpya kabisa. Kabura alifungua pindo la kanga, akampa bisibisi aliyokuwa ameifunga humo.

"Gonga," alimwambia.

Kipketer aligonga huku akicheka bado. Bu.

Kipketer aligonga tena, polepole, kisha akawaita wenzake waje wamsaidie kuivuta boti yake juu, mbali na maji.