Mwanamke wa Pembeni ya Picha

Jumatatu, 12 Machi 2001, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mlango wa depo ya dawa ya dispensari moja ya Beni ulikutwa umerudishwa tu, bila kufungwa. Makartoni matano ya kinini, dawa ya malaria, yalikuwa yameondoka. Kufuli ilikuwa nzima.

Inspekta Ngalula, mama wa Kasaï aliyetumwa kazi Beni kabla ya vita, aliandika: mwizi alikuwa na ufunguo. Funguo zilikuwa mbili, moja kwa mlinzi Muyisa, moja kwa muuguzi Octave.

Muyisa alikiri kwamba Jumapili, saa tisa ya mchana mpaka saa kumi na moja, aliacha zamu na kwenda kuzika mtoto wa jirani. Mchuuzi Mardochée alikutwa sokoni na kartoni ya kinini, lakini namba zake hazikufanana na za depo, akaachiliwa. Octave alisema alikuwa Butembo tangu Jumamosi, na Jumapili saa tisa aliangalia filme kwa Mama Katungu, mwenye chumba cha video kule. Alionyesha tikiti.

Basi alibaki Muyisa, ndani ya kasho, selo ya polisi. Komanda wa wanajeshi alisema atamchukua Jumatano saa sita. Waliochukuliwa kambini hawakurudi upesi, wengine hawakurudi.

Jumanne saa nne Ngalula alifika Butembo. Alimwacha Octave, aliyekuja naye, ndani ya jipi na polisi, akaingia peke yake kwenye chumba cha video. Mjane Katungu alikuwa anajaribu kaseti, rozari shingoni.

"Mama, televizyo yako imekufa juu na chini?" Ngalula aliuliza. Picha ilikuwa katikati tu, na mikanda miwili myeusi.

"Hapana kufa. Filme ya zamani ni pana, televizyo ni fupi. Père Josaphat, padri yetu, alinionyesha: ukitaka picha ijaze televizyo, unakata pembeni, na batu benye kusimama pembeni banapotea. Bakliya, batu ba kulipa, banalalamika. Banasema mukanda mweusi unabaiba picha. Nzanzu wa Beni, mwenye video kama mimi, alibasikia, anaonyesha kaseti ya kukatwa. Mimi, hapana. Ile mutu alitengeneza, njo ile ninaonyesha."

"Ni hii filme ulionyesha Jumapili?"

"Ni hii. Mara ya kwanza hapa kwangu. Bamama balilia mpaka mwisho."

Ngalula alimpa tikiti na kumweleza yote.

"Tikiti ni yangu," Katungu alisema. "Mais haina tarehe. Octave anakujaka hapa mara mingi, inaweza kuwa ya siku ingine."

"Jumapili ulimwona?"

Katungu alishika rozari yake. "Mama Inspekta, Muyisa ni mutoto wa dada yangu. Nikisema sikumwona, atatoka leo. Mais batu balikuwa karibu mia, na giza. Siwezi kuapa."

Ngalula alifunga daftari. Alikuwa ametumaini neno lingine.

"Unaweza kumwita Octave?" Katungu aliuliza. "Nimuulize kitu kimoja."

Octave aliingia, koti lake safi, akasalimu kwa heshima.

"Karibu, muganga. Banasema ulikuwa kwangu Jumapili. Filme ilikupendeza?"

"Sana, mama."

"Fasi gani zaidi?"

Octave alicheka. "Ile fasi muzee anaongea na ukuta, ndani ya nyumba yake. Anaaga ukuta, anauliza ukuta kama umekula. Chumba nzima tulicheka."

"Chumba nzima?"

"Nzima, mama. Hata bamama."

Katungu alirudisha kaseti nyuma, akabonyeza. Mzee alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, midomo yake ikienda. Na kushoto, mwisho kabisa wa picha, mwanamke mgonjwa alikuwa amelala kitandani, akimwangalia. Katungu alisimamisha picha hapo.

"Jumapili hapana mutu alicheka hapa," Katungu alisema. "Mutu anaaga bibi yake mwenye kufa. Kwa Nzanzu tu njo muzee anaongea na ukuta, sababu kule bibi bamemukata."

Octave alisogea karibu na televizyo, akaangalia kile kitanda.

"Niliona kwa Nzanzu, juma iliyopita," alisema mwishowe. "Nilisoma jina ya filme kwenye kibao yako Jumamosi. Nikafikiri ni moja."

"Donc Jumapili saa tisa ulikuwa wapi?" Ngalula aliuliza.

"Beni. Nilirudi na pikipiki. Niliona Muyisa anaenda kuzika, nikafungua depo. Mangaribi nilikuwa tena Butembo."

"Kwa nini?"

"Kaka yangu Abdias iko mikononi ya batu ba bunduki, ba pori, kule Kasugho. Balisema nilete kinini, ao bataniletea kichwa yake. Kartoni moja imeenda. Ine iko chini ya kitanda ya dada yangu, hapa Butembo, mutaa ya Rughenda. Yeye hajui kitu."

"Na batoto ba dispensari?" Katungu aliuliza. "Wewe unabapimaka homa kila siku."

"Ninabajua majina, mama."

"Na Muyisa?"

Octave aliinamisha kichwa. "Nilisema moyoni atatoka tu. Sikutaka kuangalia huko."

Ngalula aliandika maneno yote, saa nne na dakika hamsini. Kabla ya adhuhuri polisi walitoa makartoni manne Rughenda. Halafu Ngalula aliita Beni kwa redio: Muyisa atoke kasho sasa hivi, na komanda apewe habari kwa maandishi.

Mlangoni Octave, pingu mikononi, aligeuka. Picha ilikuwa bado imesimama.

"Mama Katungu. Ule bibi... alikuwako wakati yote?"

"Alikuwako," Katungu alisema. "Anasikia kila neno."