Prudence wa Kompyuta ya Kwaya

Kila Jumamosi, Pascaline alipomaliza kupalilia maharage na baba yake, alinawa miguu na kwenda kanisani Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Huko alikuwa na kazi aliyoionea fahari sana, kutunza kompyuta ya kwaya. Aliifungua, akawasha programu inayopima afya ya diski, kisha akaandika daftarini namba aliyoonyeshwa na Mwalimu Laurent, kiongozi wa kwaya. Ndani ya diski ile mlikuwa na nyimbo zote, pamoja na wimbo mmoja ulioimbwa na mama yake kabla hajafariki. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Programu ilikuwa ya Kifaransa. Pascaline alizaliwa Nakivale, si Kongo walikotoka wazazi wake, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini aliwatambia wenzake kwamba anakijua chote. Basi alipoona neno “Prudence” limeandikwa kwa njano, hakumwuliza mtu. Si ndilo jina la binti wa jirani? Akaandika: “Mwenye kompyuta zamani: Prudence.”

“Kompyuta inasema nini?” Mwalimu Laurent aliuliza kila wiki.

“Iko muzima, Mwalimu. Namba inapanda mingi!”

Kwake, namba iliyopanda ilikuwa jambo jema, kama alama za mtihani, na Mwalimu, asiyejua maana ya namba ile, aliridhika.

Baada ya miezi mitatu kompyuta ikaanza kujikokota. Laurent akaipeleka mjini Mbarara kwa Hajara, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Nyamitanga, na Pascaline akafuatana naye na daftari lake. Hajara alilisoma, akacheka, kisha akaacha kucheka.

“Huyu Prudence ni nani?”

Pascaline akaonyesha neno kwenye kioo cha kompyuta. Laurent akainama kulitazama.

“Mwanangu, hii haiko jina ya mutu. Ni kusema, ‘mujihadhari.’”

“Sikiliza, mtoto,” Hajara alisema. “Diski iko na vyumba vidogo-vidogo. Chumba ikiharibika, vitu vinahamia chumba ya akiba. Hii namba inahesabu vyumba zimehamwa. Ikisimama pale pale, unaangalia tu. Yako ilikuwa nane, sasa ni mia moja kumi na mbili.”

“Itakufa lini, Anti?”

“Namba haisemi siku. Inaweza kumaliza mwaka, inaweza kufa leo. Inasema toa vitu sasa.”

Pascaline akaikodolea macho kompyuta. Wimbo wa mama!

“Mwalimu, nilikudanganya,” alisema huku akilia. “Ile neno sikuijua. Nilisikia haya kuuliza.”

Hajara hakungoja. Alichomeka diski mpya na kuanza kunakili. Nyimbo zilipita mmoja mmoja, lakini ule wa mama ulikwama katikati. Akajaribu tena, ukakwama. Mara ya tatu ukapita. Akampa Pascaline vipokea sauti vya masikioni, naye akausikiliza mpaka mwisho.

Alipovivua, Laurent alikuwa ameketi karibu naye.

“Binti, kuuliza si ujinga,” alisema. “Kule kwetu Kivu tulikuwa na kijana wa kulinda njia. Siku moja alikuja mbio, akasema, ‘Naona moshi kule, sijui ni ya nini, mukuje muone.’ Hakusema ‘ni salama’ juu ya kuogopa kuchekwa. Ilikuwa moshi ya waasi, tukakimbia mapema. Ndiyo sababu tuko wazima, mimi na baba yako.”

Pascaline alifuta machozi. Kisha akageukia kioo, akaweka kidole kwenye mstari uliofuata.

“Anti, na hii namba nyingine, ni ya nini?”